Nyumba ya Kazi na Nyumba ya Mtu

Kuna swali moja linalosikika mara nyingi katika mji wetu wa Kalemie: Kwa nini mfanya kazi wa zamani alikaa karibu na kazi yake, na mfanya kazi wa siku hizi akaa mbali? Wa zamani alitoka mlangoni mwake, akatembea kidogo, akafika kwenye gati au kwenye karakana ya reli. Wa leo huamka kungali giza, hushika njia kwa miguu au hupanda pikipiki ya kukodi, na fedha ya njia humwishia kabla hajanunua unga.

Wengi hujibu upesi: "Zamani kampuni zilikuwa na huruma." Jibu hilo si la kweli kamili. Tukiitazama historia vizuri, twaona kwamba kampuni hazikujenga kwa sababu ya huruma. Tena twaona kwamba nyumba zile za karibu zilikuwa na deni ndani yake, na deni hilo watoto na wajukuu wanalilipa hata leo.

RELI YAFIKA ZIWANI

Mwishoni mwa mwaka 1891 Kapteni Jacques, Mbelgiji aliyekuja kupigana na wafanya biashara ya watumwa, alijenga boma kando ya ziwa Tanganyika. Akaliita Albertville, kwa heshima ya Albert, mtoto wa ndugu yake Mfalme Leopold wa Pili. Lakini mji huu tunaokaa haukuzaliwa na boma. Ulizaliwa na reli.

Kampuni ya reli iliyoitwa C.F.L. ilianzishwa mwaka 1902. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mto Lualaba na Maziwa Makuu. Reli yake ilianza Kabalo, ikafuata bonde la Lukuga, na mwaka 1915 ikafika ziwani, mwendo wa kilometa 273. Ng'ambo ya ziwa, Wajerumani walikuwa wamekwisha kufikisha reli yao Kigoma mwaka 1914. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikipiganwa hata juu ya maji yetu. Waingereza walizishusha ziwani mashua zao mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, hapa hapa karibu na Lukuga, mwezi wa Desemba 1915.

Vita ikaisha, reli ikabaki. Shaba, pamba, mawese na abiria walipita hapa kwenda na kurudi. Basi reli ikataka watu: wachukuzi wa gatini, watia makaa, mafundi wa mashine, makarani, walinzi wa njia. Waholoholo, wenye nchi hii, walikuwa na vijiji vyao, mashamba yao na uvuvi wao, wala hawakutosha kwa kazi yote. Kwa hiyo wengine wakaja kutoka mbali: Waluba, Wahemba, Watabwa, Wabembe na wengineo.

Hapa ndipo habari ya nyumba inapoanza. Mtu aliyetoka kijiji cha karibu aweza kurudi kwake jioni. Mtu aliyetoka safari ya siku kumi hawezi. Atalala wapi? Asipopata mahali pema atatoroka, au ataugua, na gari la moshi halitakuwa na mtu wa kulitia makaa. Kampuni ilihitaji mikono, na mikono hailali peke yake bila mwenye mikono kulala.

NYUMBA ILIYOFUATA MKATABA

Serikali ya Kibelgiji iliweka jambo hili katika sheria. Dekreti ya tarehe 16 Machi 1922, juu ya mikataba ya kazi, iliwapasa waajiri kumpa mfanya kazi mahali pa kulala na posho, mbali na mshahara wake. Ndiyo maana po pote Kongo palipokuwa na kampuni kubwa palikuwa na kampi: nyumba zilizofanana, zilizopangwa mistari, zenye nambari mlangoni.

Tusiseme kwamba nyumba hizo zilikuwa mbaya zote. Nyingi zilikuwa bora kuliko vibanda vya kwanza. Katika machimbo ya shaba ya Katanga ya kusini, Union Minière ilianza tangu mwisho wa miaka ya 1920 kuwataka wafanya kazi wenye wake, ikawajengea nyumba za jamaa, ikafungua shule na zahanati. Iliona kwamba mtu mwenye mke na watoto karibu naye hukaa kazini miaka mingi, naye hujifunza ufundi. Kumfundisha mtu mpya kila mwaka kuna gharama kuliko kujenga nyumba. Kwa hiyo hesabu na wema vilikwenda pamoja kwa muda.

Lakini nyumba ilikuwa ya nani? Hapo ndipo penye fundo. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Mfanya kazi aliipata kwa sababu ya mkataba, na mkataba ulipokwisha nyumba nayo ilikwisha. Aliyefukuzwa kazi alipoteza vitu viwili siku moja, mshahara na paa. Mzee aliyemaliza miaka yake thelathini alitoka kama alivyoingia, na kitanda kichwani. Mjane aliyemzika mumewe alihesabu siku zilizobaki. Tena mgeni wa jamaa hakulala kampini ila kwa ruhusa. Mahali pa kulala palikuwa karibu, lakini mlango haukuwa wa aliyelala ndani.

Kwa wale wasiokaa kampini, serikali iliweka mji wa Waafrika mbali na mji wa Wazungu. Dekreti ya tarehe 23 Novemba 1931 iliuita mji wa namna hiyo "centre extra-coutumier," maana yake mahali pasipo chini ya chifu wa desturi. Watu waliuita "cité" tu. Mtu alipewa kiwanja akajijengea kwa kadiri ya nguvu zake. Lakini ardhi yenyewe hakuwa nayo kama mali kamili. Miaka mingi ilipita kabla ya kufunguliwa njia hiyo: ni dekreti ya tarehe 10 Februari 1953 iliyompa Mkongo ruhusa ya kuwa na ardhi na nyumba kama mali yake mwenyewe, iliyoandikwa kwa jina lake. Uhuru ulikuwa umebakiza miaka saba tu. Basi baba aliyeanza kazi ya reli mwaka 1920 alimaliza maisha yake ya kazi kabla sheria haijamruhusu kununua mahali pa kuweka kichwa.

KIWANDA NA MACHIMBO

Reli haikukaa peke yake. Makaa ya mawe yalichimbwa katika bonde la Lukuga, na wachimbaji walikaa Greinerville, nje ya mji. Baada ya Vita Kuu ya Pili kikaja kiwanda cha nguo, Filtisaf, kilichosokota na kufuma pamba iliyolimwa na watu wa bara. Kusini, kando ya ziwa, kikajengwa kiwanda cha saruji huko Kabimba.

Kila kazi ya namna hii ilikuwa na swali lile lile la njia. Kabimba ni mbali mno na Kalemie kwa mtu kwenda asubuhi na kurudi jioni. Machimbo hayahami kuwafuata watu, kwa maana makaa yako mahali yalipo. Basi watu ndio walihama, na mwajiri akawa kwao vitu vingi kwa pamoja: mwenye kazi, mwenye nyumba, na mara nyingi mwenye duka na mwenye zahanati pia. Kazi ikipata mafua, kijiji kizima hukohoa.

Katika miji mikubwa serikali ilitafuta njia nyingine. Mwaka 1952 ilianzisha shirika lililoitwa Office des Cités Africaines, ambalo lilijenga maelfu ya nyumba za kununuliwa au kukodiwa. Huko Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville wakati ule, ndilo lililojenga Matete, Bandalungwa na Lemba. Hapo likaonekana neno jingine: ukijenga mbali, hapana budi utengeneze na njia. Mwaka 1955 mji ule uliletewa mabasi ya ajabu kutoka Uswisi, yaliyokwenda kwa nguvu ya gurudumu zito lililozungushwa na umeme, ili kuwapeleka watu kazini. Gharama yake ilishinda, na mwaka 1959 yaliachwa. Nyumba zikabaki mbali, na watu wakatembea.

NENO HILI SI LA KONGO PEKE YAKE

Tusifikiri kwamba shida hii ilitupata sisi tu. Kule Mombasa, mji wa bandari na reli kama wetu, mwaka 1939 wafanya kazi waligoma, na mojawapo ya madai yao makubwa ilikuwa kodi ya nyumba. Mshahara wao ulitosha kula, haukutosha kula na kulala. Baada ya mgomo ule wengi walipata nyongeza ya fedha kwa ajili ya nyumba.

Huko Marekani, karibu na Chicago, tajiri aliyeitwa George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya kulalia ya gari la moshi, alijenga mji mzima kwa wafanya kazi wake kuanzia mwaka 1880. Nyumba zilikuwa nzuri, za matofali, na wageni walikuja kuzitazama. Biashara ilipoharibika mwaka 1893, Pullman alipunguza mishahara, lakini kodi ya nyumba hakuipunguza. Mwenye kazi alitoa kwa mkono mmoja, akachukua kwa mkono wa pili. Mwaka 1894 wafanya kazi wakagoma, na mgomo ukaenea katika reli za nchi nyingi za Marekani hata serikali ikatuma askari. Mwaka 1898 mahakama kuu ya jimbo la Illinois iliamua kwamba kampuni ya kutengeneza mabehewa haina haki ya kumiliki mji, ikaamriwa kuuza nyumba zile.

Miaka mitatu kabla ya mgomo huo, mwaka 1891, mwaka ule ule wa boma la Kapteni Jacques, Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alikuwa amekwisha kuandika Rerum Novarum. Alifundisha kwamba mshahara wa haki yafaa umtoshe mfanya kazi kujitunza yeye na jamaa yake, tena abakize kidogo, ili kwa kuweka akiba apate mali yake mwenyewe. Hakusema mfanya kazi apewe tu mahali pa kulala. Alisema aweze kuwa na chake. Hiyo ndiyo tofauti tunayoieleza hapa.

SIKU MAJIRI ALIPODHOOFIKA

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, kampi zilikuwa zimejaa. Kisha zikaja taabu. Katanga ikajitenga, na kaskazini yake ikakataa kujitenga nayo. Mwaka 1962 mji wetu ukawa makao ya jimbo la Katanga ya Kaskazini. Mwaka 1964 waasi waliushika tangu Juni hata mwisho wa Agosti. Watu wakakimbia, wengine wakarudi, nyumba zikabadilisha wenyeji.

Mwaka 1974 reli zote za nchi ziliunganishwa katika shirika moja la serikali, S.N.C.Z., ambalo leo ni S.N.C.C. Nyumba za C.F.L. zikahesabiwa pamoja na injini na mabehewa: mali ya shirika. Kwa muda mambo yalikwenda. Lakini kuanzia miaka ya 1990 uchumi ulianguka, fedha ikakosa thamani, kisha vita ya mwaka 1998 ikaikata njia ya reli. Wafanya kazi wa reli walikaa miezi mingi bila kuona mshahara. Kiwanda cha Filtisaf nacho kilidhoofika, na mwisho mashine zake zikanyamaza. Huko kusini, Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliwaachisha kazi zaidi ya watu 10,000 mara moja katika miaka ya 2003 na 2004.

Sasa fikirini, wasomaji, hali ya mzee wa kampini. Hana mshahara, lakini yumo nyumbani. Hathubutu kutoka, kwa maana akitoka atakosa nyumba na malimbikizo pamoja. Hathubutu kutengeneza, kwa maana paa si lake. Akinunua bati, amemnunulia nani? Mwenye nyumba naye hatengenezi, kwa maana hana fedha. Ndivyo nyumba iliyojengwa kwa matofali mazuri inavyobomoka na watu wamo ndani. Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Baba zetu hawakuuacha mbacha wao kwa ujinga. Sheria ya miaka mingi haikuwapa mbacha. Lakini matokeo ni yale yale.

LEO MWAJIRI HAJENGI

Mwaka 2015 jimbo la Tanganyika liliundwa, na Kalemie ikawa mji wake mkuu. Kazi zikaongezeka: ofisi za serikali, shule, hospitali, mashirika ya misaada. Kuanzia mwaka 2016 vita kati ya Watwa na Waluba ilifukuza mamia ya maelfu ya watu katika jimbo, na wengi wakakimbilia kandokando ya mji wetu. Watu wakawa wengi kuliko nyumba. Kitu kikiwa kichache, bei yake hupanda; hakuna mwalimu anayehitaji kufundishwa jambo hilo.

Mwajiri wa leo hajengi kampi. Hutoa fedha tu, naye mfanya kazi ajitafutie. Karibu na kazi kodi ni kubwa, tena mwenye nyumba ataka garanti ya miezi kadha iliyolipwa kwanza. Basi mtu huenda mbali, kwenye kiwanja cha bei ndogo. Huko mbali kuna gharama isiyoandikwa katika karatasi ya kodi. Tufanye hesabu. Mtu akitembea saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, ni saa tatu kwa siku. Kwa siku sita ni saa kumi na nane, yaani zaidi ya siku mbili za kazi kila juma, na hakuna anayemlipa siku hizo. Akipanda pikipiki aokoa saa, apoteza fedha. Watoto wake humwona usiku tu.

Tena mahali pa bei ndogo mara nyingi ni mahali pa hatari. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la nguvu ya 6.8 lilitikisa ziwa, na hapa Kalemie nyumba za matofali mabichi zilianguka. Katika miaka ya tangu 2020 ziwa lilipanda mno, hata mwaka 2024 maji yalifika juu kuliko yalivyofika kwa miaka mingi, nayo yakaingia katika nyumba za watu wa bondeni na ufukoni. Aliyejenga karibu na kazi, lakini mahali pa maji, alipoteza karibu na mbali pamoja.

TUFANYEJE?

Hatuombi kampi za zamani zirudi. Nyumba ya karibu isiyo yako ni nusu ya msaada, na nyumba yako iliyo mbali sana ni nusu nyingine. Tunalotaka ni kuziunganisha nusu hizo mbili. Kwa hiyo nasema maneno matatu.

Kwanza, mfanya kazi ajue haki yake. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 yasema kwamba mwajiri anayemwajiri mtu kutoka mahali pengine, au anayemhamisha, yampasa ampe nyumba inayofaa yeye na jamaa yake, au fedha ya kutosha badala yake. Sheria hiyo pia hutenga fedha ya nyumba na gharama za njia, isizichanganye na mshahara wenyewe. Na sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 yasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Wengi hawajui hayo, na asiyejua haki yake hawezi kuidai kwa adabu wala kwa nguvu.

Pili, fedha ya nyumba isiliwe kama fedha ya mboga. Likelemba tunazozijua, zile za kuchanga kila mwezi na kupokezana, zaweza kununua bati na saruji kama zinavyonunua vitenge. Mtu akiwa bado na nguvu na kazi, ndio wakati wa kutafuta kiwanja. Asingoje barua ya kustaafu.

Tatu, kiwanja kiwe na karatasi. Tangu sheria ya mwaka 1973, ardhi yote ya nchi ni ya Serikali, na mtu hupewa haki juu yake kwa hati. Maneno ya muuzaji mbele ya mashahidi wawili ni mwanzo tu. Aende ofisi ya ardhi, aulize kama mahali pale paruhusiwa kujengwa, kama si njia ya maji, kama hapakuuzwa kwa mwingine. Jina la mke liandikwe pia, ili kifo kisiwatoe watoto nje.

Nao wenye kuongoza mji watambue kwamba kiwanja kisicho na barabara ni kifungo. Wakigawa viwanja mbali, waweke kwanza njia inayopitika wakati wa mvua. Wabelgiji wa Léopoldville walijenga nyumba kwanza, wakakumbuka njia baadaye, na sisi tumekwisha kuona walikoishia.

Reli ilileta babu zetu hapa, ikawapa paa kwa muda wa mkataba. Paa la watoto wetu lisiandikwe katika mkataba wa mtu mwingine.